Pesa Isiyo na Neno Huwagombanisha Ndugu

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya parokia, Ukambani)



 Tunajua wengine mmeondoka nyumbani gizani, mkaacha maji hayajatekwa na mbuzi hawajafunguliwa, ili mfike hapa mapema. Asanteni sana.

Mlituomba tuzungumze juu ya mikopo ya vikundi. Mlitaka kujua kwa nini mwanachama mzuri, mtu wa kanisa, anakopa kwa kikundi halafu harudishi. Tulikaa na viongozi kadhaa, tukafungua vitabu vya hesabu, halafu tukaenda nyumbani kwa wale waliochelewa. Tulidhani tutakuta uvivu au ulevi. Ni kweli mahali pengine tulikuta hayo. Lakini mara nyingi tulijibiwa hivi: "Ndugu yangu alisema atatuma, hakutuma." Ama hivi: "Tumegombana nyumbani, shamba halikulimwa." Ama mtu alinyamaza tu, akatazama chini.

Basi tukaona kwamba tukizungumza juu ya mikopo bila kuzungumza juu ya ndugu, tutakuwa tunafagia kwa jirani na kwetu kuna takataka. Kwa hiyo leo tutazungumza juu ya ndugu na pesa.

FEDHA NDANI YA MAGUNIA

Tuanze na Neno la Mungu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 42, kinatueleza habari za njaa kubwa. Sisi watu wa huku hatuhitaji kufafanuliwa njaa ni nini. Wana wa Yakobo walienda Misri kununua nafaka. Aliyesimamia nafaka ile alikuwa Yosefu, ndugu yao waliyemuuza miaka mingi nyuma. Yeye aliwatambua, wao hawakumtambua. Akaamuru magunia yao yajazwe, na fedha ya kila mmoja irudishwe kimyakimya ndani ya gunia lake.

Njiani mmoja wao akafungua gunia ampe punda wake chakula, akaona fedha iko pale juu. Je, alifurahi? La. Wote walitetemeka. Na walipofika nyumbani, kila mmoja akakuta mfuko wake wa fedha, hata mzee Yakobo akaingiwa na hofu.

Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Tunavyoelewa sisi, Yosefu hakutaka ndugu zake wanunue chakula kwake kama wageni. Lakini fedha ile ilikuja bila neno. Tena kati yao kulikuwa na kidonda cha zamani ambacho hakuna aliyekitaja. Kwa hiyo wema ukaonekana kama mtego.

Hilo ndilo jambo tunalotaka mrudi nalo nyumbani leo. Pesa kati ya ndugu ikija bila neno, anayepokea ataitafutia neno mwenyewe. Na kama kuna kidonda, neno atakalolipata halitakuwa zuri.

ZAMANI PESA ILIKUJA NA BARUA

Wazee mlioko hapa mnakumbuka. Kabla ya simu za mkono, mtu aliyefanya kazi Mombasa au Nairobi alituma pesa kwa posta, au alimpa mtu wa kijijini aliyekuwa anarudi. Mara nyingi pesa hiyo ilikuja na barua. Mtoto wa shule aliitwa asome, mama ameketi na mikono mapajani. Barua ilisema: hizi ni za karo ya mdogo wangu, hizi ni za mama anunue chumvi na mafuta ya taa, na hizi zilizobaki mlipe mtu wa kulima. Halafu mwishoni: huku niliugua malaria wiki mbili lakini sasa ni mzima, msiwe na wasiwasi.

Mnaona? Pesa ilikuwa kidogo, lakini ilikuja na mwenyewe. Walijua aliugua, na walijua kila shilingi ina kazi gani.

Mwaka wa 2007 M-Pesa ikaanza. Hatuji hapa kuilaumu. Imewasaidia watu wetu sana. Pesa haipotei njiani, na mama akiugua usiku anaweza kusaidiwa usiku huohuo. Lakini ujumbe ule wa simu unasema mambo machache tu: kiasi, jina la aliyetuma, tarehe, saa, na salio. Hausemi pesa hii ni ya nini. Hausemi aliyetuma amekula au hajala. Simu ileile inaweza kupigwa watu wakaongea, lakini wangapi wetu hufanya hivyo? Tunatuma, tunasema "umeipata?", tunajibiwa "nimeipata", basi, kwisha.

NDUGU WAWILI NA NG'OMBE WAWILI

Sasa tutawapa mfano. Tumeuunganisha kutoka kwa familia zaidi ya moja tulizokaa nazo, na mambo mengine tumeyabadilisha, ili mtu yeyote asinyoshewe kidole. Lakini nafikiri wengi mtajiona humo.

Baba alifariki mwaka wa 2008, akaacha mama, wana wawili na binti mmoja. Yule mkubwa alikuwa Mombasa, ameajiriwa katika ghala. Mdogo alibaki nyumbani. Kuanzia Januari 2012 hadi Desemba 2017 mkubwa alituma shilingi 4,000 kila mwezi. Hakukosa hata mwezi mmoja. Tena alinunua ng'ombe wawili wa plau ili mama asilime kwa jembe la mkono.

Mdogo naye hakulala. Alichimba matuta ya fanya juu kwenye shamba lote. Alilima, akapanda mahindi, kunde na ndengu. Aliteka maji kwa punda kutoka mto wa mchanga, kilomita nyingi kwenda na kurudi. Kila mwezi alimpeleka mama kliniki ya presha. Mtu akipita njiani alisema nyumba hii ina baraka.

Lakini ndani ya mioyo mambo yalikuwa mengine. Mkubwa alikuwa akijiambia: "Mimi ninalala chumba kimoja na watu watatu ili nyumbani wale. Hakuna hata siku moja mdogo wangu ameniuliza nimelalaje." Na mdogo alikuwa akijiambia: "Simu ya ndugu yangu ikilia, ni kuuliza kama nimenunua mbolea, kama ng'ombe wamepewa dawa. Mimi si ndugu. Mimi ni mchungaji wake." Hakuna aliyemwambia mwenzake hata neno moja la hayo.

Mwisho wa mwaka wa 2016 mkubwa alisimamishwa kazi. Hakusema. Aliona aibu, tena hakutaka mama ashtuke. Akaanza kufanya vibarua na kukopa kwa watu wa riba, ili zile 4,000 ziendelee kufika kama kawaida.

Mwaka wa 2017 mnaukumbuka. Mvua ya mwisho wa 2016 ilikuwa imetuangusha, na mwezi wa Februari 2017 Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Ng'ombe walikonda mpaka wakainuliwa kwa mikono asubuhi. Mama akalazwa hospitali. Mdogo akaona ng'ombe watakufa na mama atakosa dawa. Akawauza wote wawili kwa shilingi 22,000, bei ya kutupa. Pesa ikaishia hospitalini, kwenye maji na kwenye unga.

Hakumwambia mkubwa. Kwa nini? Kwa sababu kuna jirani aliyetoka Mombasa aliyewaambia kwamba mkubwa hana kazi tena. Na mama alisema: "Mtoto wangu ana shida za kutosha. Msimwongezee nyingine."

Kwa hiyo huyu anaficha kwamba hana kazi ili wa nyumbani wasiumie, na hawa wanaficha kwamba ng'ombe wameuzwa ili yeye asiumie. Wote wawili wanapendana, na wote wawili wamenyamaza.

Desemba 2017 mkubwa alifika na mkoba wake. Kabla hajamsalimu mama akaona zizi ni tupu. Hatutarudia maneno yaliyosemwa siku ile. Mkubwa alisema ng'ombe wake wameliwa. Mdogo akamjibu, "Unafikiri umewanunua watu wa nyumba hii?" Wake zao wakaingizwa ndani, kila mmoja akaambiwa ndiye aliyemharibu mumewe. Kwa kweli wake hao hawakuwa na kosa, lakini kwetu ndugu wakigombana ni rahisi kumbebesha mtu aliyeolewa hapo.

Tangu siku hiyo hawakuzungumza miaka mitatu. Watoto walikatazwa kucheza pamoja. Mama akawa anapika chungu chake peke yake, hataki kula kwa huyu yule aone vibaya. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, vibarua vya Mombasa vikaisha kabisa na mkubwa akarudi nyumbani kukaa. Akaanza kutafuta karatasi za shamba la baba, jina lake peke yake. Mdogo akaziba njia ya kwenda mtoni kwa miiba. Mwaka wa 2021 mtu mmoja alionekana akinoa panga usiku. Hapo ndipo mama alipomwita katekista, na katekista akatuita sisi.

KOSA LETU LA KWANZA

Tunataka kusema ukweli juu ya kazi yetu wenyewe. Mara ya kwanza tulipokaa na familia hii tulifanya vibaya.

Tulifika na kalamu na mashine ya hesabu. Tukauliza: nani anamdai nani? Mkubwa alikuwa na karatasi za M-Pesa alizochapishiwa mjini. Miezi 72 mara 4,000, jumla shilingi 288,000. Mdogo alileta mkebe wa majani ya chai, ndani yake risiti za hospitali zote, hata za shilingi 50. Sisi tukaandika upande huu na upande huu kama mahakama. Kabla ya saa moja kwisha walikuwa wanapiga kelele. Mdogo akachukua mkebe wake akaenda zake. Mama akabaki anatutazama sisi.

Tulirudi tukiwa na aibu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya wakati wote alitusindikiza hadi barabarani, akatuambia: "Mmehesabu pesa. Watu hamjawahesabu."

MAHINDI, KUNDE NA MBAAZI

Mara ya pili tulifanya tofauti. Kwanza tulizungumza na kila mmoja peke yake, na wake zao pia, na yule dada aliyeolewa mtaa wa pili. Tuliomba panga zote ziwekwe kwa mzee wa kijiji siku hiyo. Halafu tukakaa wote chini ya mwembe, pamoja na wazee wawili, katekista, na mama mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo anayeheshimiwa na pande zote. Tukaweka sheria moja: kila mtu aseme yaliyompata yeye. Asianze na "wewe ulifanya".

Tukafagia mahali pa mchanga. Tukampa mkubwa punje za mahindi, tukamwambia aweke punje moja kwa kila mwezi aliotuma pesa. Akaweka punje 72 kwa mstari mmoja mrefu. Tukampa mdogo kunde, aweke moja kwa kila mwezi aliochunga, akalima na kumpeleka mama kliniki. Naye akaweka. Mistari ile miwili ikalingana.

Watu wakakaa kimya. Ndipo yule dada akauliza: "Na mimi je?" Wengine wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba mama alipolazwa, yeye ndiye aliyelala naye hospitalini, akimwosha na kumfulia, huku mumewe akinung'unika. Wote wawili walikuwa wamelisahau hilo kabisa. Tukampa mbaazi, akaweka mstari wake, mfupi, chini ya ile miwili.

Halafu mkubwa akazungumza bila kuulizwa. Alisema mwaka wote wa 2017 pesa aliyotuma haikuwa mshahara. Ilikuwa ya kukopa, na deni lile lilimfuata mpaka akauza godoro.

Mdogo akasema, "Tulijua huna kazi."

"Mlijua?"

"Tulijua. Mama alikataza tukuulize, usije ukaona aibu. Na ng'ombe hatukukwambia kwa sababu hiyo hiyo. Lakini pesa ikaendelea kuja, tukadhani labda umepata kazi nyingine na hutaki tujue."

Hawakukumbatiana. Tusiwadanganye. Mkubwa aliomba maji ya kunywa, na mke wa mdogo wake ndiye aliyemletea. Alikuwa hajakunywa maji ya mkono ule kwa miaka mitatu. Akayapokea, akanywa, tukaendelea na mkutano.

Siku ile waliandika mambo manne katika daftari la shule. La kwanza, ng'ombe wale waliliwa na ukame na hospitali, hawakuliwa na mtu, na hakuna anayemdai mwenzake. La pili, mavuno yakija watanunua ndama mmoja wa dume kwa pesa ya wote wawili. La tatu, miiba itaondolewa njiani kesho yake. La nne, shamba halitaguswa mpaka mama na watoto wote watatu wameandikwa. Wakatia sahihi, mama akaweka dole gumba.

Je, sasa ni kama malaika? Hapana. Mkubwa bado ana uchungu, na mdogo bado anajibu kwa ukali. Lakini mama anakula kwa nyumba zote mbili, na katika mwethya wa matuta walisimama mtaro mmoja. Kwetu sisi hayo si madogo.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Sasa tuseme ya kufanya, maana semina bila kazi ni kupoteza siku.

Kwanza, pesa ipewe jina. Pesa kati ya ndugu ni ya aina tatu. Kuna zawadi, ambayo hairudi wala haidaiwi. Kuna mkopo, ambao unarudi, na siku ya kurudi inasemwa. Na kuna pesa ya kazi ya pamoja, kama kununua ng'ombe au kuchimba kisima, ambayo ni ya wote na matumizi yake yanaelezwa. Ugomvi mwingi hutokea mmoja akituma akidhani ni mkopo na mwingine akipokea akidhani ni zawadi. Ukituma, piga simu siku hiyohiyo useme: hii ni ya aina gani.

Pili, kazi ihesabiwe pamoja na pesa. Aliyebaki nyumbani akamtunza mama hana risiti ya M-Pesa. Na kumwosha mgonjwa hakuna bei sokoni. Lakini tusiposema kwa mdomo kwamba tumeiona kazi hiyo, mwenyewe atajiona mtumwa. Hatuhesabu ili tulipane. Tunahesabu ili tuonane.

Tatu, shida isemwe mapema. Ukipoteza kazi, waambie wa nyumbani mwezi huo huo. Ukiuza mnyama wa ndugu kwa sababu ya shida, mwambie kabla, au jioni hiyohiyo. Kunyamaza ili mwenzako asiumie ni kama kufunika jeraha bila kuliosha. Siku litakapofunguliwa litanuka.

Nne, kuwe na daftari la nyumbani. Katika vikundi vyetu mtu akichanga shilingi 50 inaandikwa, mweka hazina anaweka sahihi, na hakuna anayesema tumemdharau. Lakini nyumbani shilingi 288,000 zilipita bila mstari mmoja wa maandishi! Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nunueni daftari moja. Andikeni tarehe, kiasi, ni ya nini, na imetumikaje. Likae kwa mama, na kila mtu aweze kulisoma.

Tano, uliza hali kabla ya kuuliza hesabu. Ukipiga simu, neno la kwanza lisiwe mbolea. Uliza: umelalaje? Watoto wanakohoa? Aliye mjini naye aulizwe: unakula wapi siku hizi?

Sita, familia ikae pamoja mara moja kwa mwaka. Desemba wengi wako nyumbani. Msingoje mpaka kuwe na matanga. Kaeni mchana, kabla mtu hajaonja pombe, daftari likiwa mezani, akina dada wakiwepo.

SHAMBA LA MAREHEMU

Ugomvi wa pesa ukizidi huingia shambani. Kwa hiyo tuseme machache juu ya sheria.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, inakataza mtu yeyote kuuza, kugawa au kuingilia mali ya marehemu kabla ya kupata idhini ya mahakama. Kufanya hivyo ni kosa, na mtu anaweza kutozwa faini au kufungwa. Haijalishi wewe ni kifungua mimba, wala haijalishi ulituma pesa kiasi gani.

Mwenye shamba akifa bila wosia, akaacha mke mmoja na watoto, mke ana haki ya kulitumia shamba hilo maisha yake. Baadaye linawaendea watoto kwa usawa, na sheria inaposema watoto haisemi wavulana peke yao. Binti aliyeolewa naye yumo. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo inakataza kumbagua mtu kwa sababu ni mwanamke.

Kazi huanza kwa cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Tunasema wote. Ukienda kwa chifu ukaacha jina la ndugu yako, umejiwekea kesi mlangoni mwako mwenyewe. Katiba hiyohiyo inatambua pia wazee kusuluhisha ugomvi, mradi wasivunje haki ya mtu. Kwa hiyo kikao cha chini ya mwembe si mchezo. Kinaweza kuiokoa familia na gharama za kesi za miaka mingi.

KAZI YA KIKUNDI

Mtatuuliza: haya ni ya nyumba za watu, kikundi kinaingiaje? Kinaingia kwa sababu nyumba ikigawanyika mwethya unapoteza mikono ya nyumba mbili, mtaro wa maji unakatwa kwenye mpaka, na mkopo haurudi. Lakini tuingie kwa heshima.

Msibebe maneno kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Msipokee chai ya upande mmoja peke yake. Msianze na hesabu kama tulivyofanya sisi. Mwanachama akikopa akisema ndugu yake ndiye atakayelipa, kikundi kiongee na huyo ndugu kwanza, kisikie kwa mdomo wake. Na pale ambapo kuna vitisho vya kuua, au mtu amepigwa, msikae chini ya mti na punje za mahindi. Nendeni kwa chifu na polisi haraka. Kusuluhisha kutakuja baadaye, watu wakiwa hai.

Kuna methali isemayo: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Maana yake usijitie katikati, watapatana wenyewe. Ni methali ya hekima, na mara nyingi ni kweli. Lakini jirani, ukisikia usiku panga linanolewa, weka jembe chini kwanza uende.

Turudi kwa Yosefu tumalize. Ndugu zake waliishi na hofu mpaka siku aliyowatoa watu wengine wote nje, akalia kwa sauti, akawaambia yeye ni nani. Hiyo iko sura ya 45. Fedha haikuwaponya. Lililowaponya ni neno. Na hata hivyo, katika sura ya 50, baba yao alipokufa, wakaogopa tena kwamba sasa Yosefu atalipiza kisasi. Alilia tena, na ikabidi awaambie mara nyingine kwamba hana ubaya nao. Kwa hiyo tusichoke tukiona tunalazimika kusema mara ya pili na ya tatu: ndugu yangu, sina neno nawe. Hasa mzazi akishafariki, maana siku hiyo hofu ya zamani huamka.

Jioni ya leo mkifika nyumbani, kabla ya kulala, kila mmoja ampigie simu ndugu mmoja. Msizungumze pesa. Ulizeni hali tu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya semina hii.

 

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mfano tuliosikia, ni nani aliyekosa? Je, mama alifanya vizuri kukataza mkubwa asiambiwe?

2. Kijijini kwetu, ni kazi gani za nyumbani zinazosahauliwa familia inapohesabu nani alisaidia? Mara nyingi hufanywa na nani?

3. Wigizeni mchezo mfupi: mtu anapokea pesa kwa simu bila kuambiwa ni ya nini. Aliyetuma alifikiri nini? Aliyepokea alifikiri nini? Kisha wigizeni tena, safari hii wakizungumza.

4. Je, katika kikundi chetu kuna mkopo uliokwama kwa sababu ya ugomvi wa ndugu? Bila kutaja majina, kikundi kingeweza kusaidia namna gani?

5. Kila mwanachama aseme: daftari la nyumbani kwangu litaanza tarehe gani, na litakaa kwa nani?